Breki ya Tatu

Tuliikuta ghalani, nyuma ya marobota ya majani makavu,
baiskeli ya baba na mama, ndefu kama uchochoro:
viti viwili, pedeli nne, usukani wa kweli mmoja
na wa pili wa kushikilia tu, wa kujidanganya.
Panya walikuwa wamezalia ndani ya kiti cha nyuma.
Kondoo wa jirani walijikuna kwenye fremu
hadi rangi ya kijani ikabaki maungioni tu.

Idwal, kaka yangu, alisema: Tuiuze kwa kilo.
Nikasema: Uza mguu wako.
Hayo ndiyo yaliyokuwa maneno yetu ya kwanza tangu mazishi,
ukiacha yale yaliyopitia kwa wakili.

Tukaanza Novemba. Novemba ya Ffestiniog
mvua hainyeshi, inahamia na vyombo vyake.
Nati ziligoma. Tulizilowesha mafuta siku tatu,
tukazipasha moto, tukazitukana kwa Kiwelisi,
lugha yenye matusi machache lakini marefu.
Gololi za ekseli zilitoka nyeusi kama mbegu za papai.
Nilizihesabu kwenye kisahani: kumi na saba.
Zinatakiwa kumi na nane.
Meneja wa benki, miaka hamsini na miwili,
alilala kifudifudi nusu saa akimulika chini ya kabati,
shavu sakafuni, makalio juu.
Nikacheka. Naye akacheka.
Hatukusemezana tena hadi Ijumaa.

Msasa. Rangi. Minyororo miwili mipya.
Shokomzoba ya mbele ilikuwa ikivuja kama pua ya mtoto;
tuliifungua mara nne, na mara ya nne ikakubali.

Kisha nikachuna mpira wa usukani wa nyuma,
ule wa kujidanganya,
na chini yake, kwenye utepe mweusi uliozungushwa kwa subira,
mkono mdogo wa breki, saizi ya kijiko cha sukari.
Waya wake ulipenya ndani ya fremu, kimyakimya,
ukaenda kukamata gurudumu la nyuma.

Baba!
Baba aliyetamba kila baa kutoka hapa hadi Harlech
kwamba huteremka njia ya machimbo bila kugusa breki.
Miaka ishirini. Wanaume wakimnunulia bia.
Na mama nyuma yake, skafu imefungwa chini ya kidevu,
vidole viwili vimekaza,
hasemi kitu.

Idwal aliketi juu ya ndoo.
Baadaye sana akasema: Tuing'oe.
Nikasema: Na nyuma atakaa nani?

Aprili tukaitoa. Tulianguka getini, hata hatujaanza:
yeye alikanyaga kwa mguu wa kulia, mimi wa kushoto,
na pedeli za mbele na za nyuma ni ndugu, haziachani.
Emrys, mwenye kondoo, alituinua bila kuuliza swali.

Kupanda: Sukuma! Nasukuma!
Basi nani huyu amekaa kama mzigo?
Sikuona njia. Niliona mgongo,
jasho likichora ramani juu ya fulana ya benki,
na mabega yakipanda kidogo kabla ya kila jiwe.
Nikajifunza kuyasoma.

Kushuka: mawe ya vigae, ya zambarau, yamelowa,
yakivunjika chini ya tairi kwa sauti ya sahani;
mizizi ya misonobari; daraja la mbao mbili;
kisha ile kona ambayo upande wake mmoja ni hewa.
Mabega yakapanda.
Vidole vyangu viwili vikaanza kazi,
polepole, kama mtu anayefunga mlango wa chumba cha mgonjwa,
na kona ikatupitisha.

Jioni, baani, Idwal alisimama na matope hadi kope:
Tumeshuka machimbo yote, mimi sikugusa breki!
Kisha akanitazama.
Niliviweka vidole vyangu juu ya glasi, vimekufa ganzi,
havikunjuki.

Suala la nyumba bado liko kwa wakili.
Nilimnunulia bia.